Miche ya Nyanya Kabla ya Masika

Katika sehemu zetu zenye masika, mvua huanza mwezi wa Machi. Angojaye tone la kwanza ndipo apande mbegu za nyanya, ataona mvua kubwa ikizizika matopeni. Heri kuzianza Februari, upenuni mwa nyumba.

Twaa debe kuukuu, ulipasue ubavuni na kulitoboa chini. Lijaze udongo mwepesi uliochanganywa na samadi iliyooza kabisa; samadi mbichi huunguza. Kisha umwagie udongo huo maji yanayochemka, uuache upoe na kukauka kidogo. Wengi hudhani kazi hii ni ya bure. Sivyo! Udongoni hukaa ukungu uletao kinyausi. Jioni waiacha miche imesimama, asubuhi waikuta imeanguka, imeoza shinani. Na mbegu siku hizi si za bei ya mchezo.

Panda kwa mistari, kina cha sentimita 1, wala usirundike. Baada ya siku 5 hadi 10 zitaota. Mwagilia asubuhi, si jioni, maana unyevu wa usiku kucha ndio uupendao ukungu. Tena usilifiche debe chumbani gizani: miche hurefuka kama nyuzi ikitafuta mwanga. Na kuku je? Zungushia miiba, mama, usiwaamini hata siku moja.

Wiki ya mwisho punguza maji, uizoeze miche jua. Ikitimiza wiki 4 hivi, ihamishie bustanini wakati wa jioni, au siku ya mawingu.