Nguvu Hazipimwi kwa Gunia

Mtu asafiriye kutoka Isaka kwenda Kahama hupita Kagongwa, mji unaojulikana kwa mashine zake za kukoboa mpunga. Msimu wa mavuno malori husimama kando ya barabara, pumba hupepea hewani, na vijana hushusha magunia kwa mabega yao kutoka kwenye lori hadi ghalani. Hapo ndipo niliposikia hukumu ambayo bila shaka wasomaji wengi wa Shinyanga na Geita wameisikia: "Huyu bado, hajabeba gunia." Na baada ya muda mfupi, juu ya kijana mwingine: "Huyu ana nguvu, anabeba gunia la mia."

Nyuma ya ghala mojawapo, chini ya mwembe, vijana wale wale walikuwa na mahali pao pa kunyanyua vyuma jioni. Vifaa vyao vilikuwa bomba la chuma, ndoo mbili za lita 10 zilizojazwa zege likakauka, na benchi la mbao. Miongoni mwao walikuwamo wanafunzi wawili wa sekondari waliokuwa likizoni. Niliwauliza chuma kile kina uzito gani. Walinijibu kwa pamoja, bila kusita: "Kilo mia."

Basi tukafanya hesabu ardhini kwa kijiti. Lita moja ya zege ina tungamo ya kilo 2.4 hivi. Ndoo ya lita 10 itakuwa kilo 24, na mbili kilo 48. Bomba tulilikadiria kuwa kilo 7. Jumla ni kilo 55. Kisha tukakibeba chuma hadi kwenye mizani ya mpunga, nayo ikasoma kilo 53, kwa kuwa ndoo hazikujazwa hadi ukingoni. Vijana wakacheka, isipokuwa mmoja aliyeonekana kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Kwa kuwa mizani ilikuwa wazi, tukaliweka juu yake na gunia mojawapo "la mia". Mizani ikasoma kilo 118.

Ndugu msomaji, yatafakari hayo mawili. Vitu viwili viliitwa kwa jina moja, "mia", na kimoja kilizidi kingine kwa zaidi ya maradufu. Kijana aliyekuwa akijipima kwa chuma alijidanganya kwamba ana nguvu kuliko alizo nazo, na aliyekuwa akijipima kwa gunia alikuwa akiumizwa kuliko alivyojua. Haya yalitendeka katika mji uliojaa mizani! Maoni yangu, ambayo nataka kuyatetea hapa, ni kwamba kupima nguvu za mwili ni somo la sayansi kama lilivyo somo lingine lolote. Shule zetu za sekondari zinao uwezo wote wa kulifundisha, na kwa kutolifundisha tumewaachia vijana wetu gunia liwe mwalimu.

Sharti la kwanza la kipimo ni kwamba kisibadilike. Gunia hubadilika. Lumbesa, yaani ule ujazo wa kupita kiasi unaoshonewa kichuguu juu ya gunia, imepigwa marufuku chini ya Sheria ya Vipimo, lakini bado yaonekana sokoni. Kwa kawaida lumbesa huzungumzwa kama dhuluma kwa mkulima, na kweli ni dhuluma. Husahauliwa kwamba ni dhuluma pia kwa mgongo wa mbebaji, ambaye hulipwa kwa gunia wala si kwa kilo. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake namba 128, lilitaka mzigo unaobebwa na mfanyakazi mmoja mwanamume ukizidi kilo 55 upunguzwe haraka hadi kiwango hicho. Gunia tulilopima lilikuwa zaidi ya mara mbili ya kiwango hicho.

Sharti la pili ni kujua unapima nini. Neno "nguvu" katika mazungumzo yetu hubeba mambo angalau matatu. Kuna kani ambayo misuli inaweza kuitoa kwa mkupuo mmoja, kuna ustahimilivu wa kurudia kazi kwa muda mrefu, na kuna ufundi wa kuubeba mwili na mzigo kwa pamoja. Mtu aweza kuwa na kimoja bila vingine. Mwaka 1986 Profesa Maloiy wa Nairobi na watafiti wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kupima oksijeni waliyotumia wanawake Wajaluo na Wakikuyu walipokuwa wakitembea na mizigo. Iligunduliwa kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi sehemu moja ya tano ya uzito wa miili yao bila kutumia nishati zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Huo si wingi wa misuli. Ni ufundi uliojengwa tangu utotoni. Hali kadhalika Wanyamwezi, waliosifika katika karne ya 19 kwa upagazi wa misafara kati ya pwani na Ujiji, kwa kawaida walibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Watu ambao kubeba kulikuwa ndiyo kazi yao hawakuona aibu kwa mzigo huo, kwa kuwa walijua safari ni ya miezi.

Sharti la tatu ni kulinganisha kwa haki. Tuseme mwanafunzi wa kwanza ana kilo 50 na ananyanyua kilo 60, wa pili ana kilo 75 na ananyanyua kilo 75. Nani mwenye nguvu zaidi? Tukitazama chuma peke yake, ni wa pili. Tukigawanya chuma kwa uzito wa mwili, wa kwanza anapata 1.2 na wa pili 1.0, na ushindi unahama. Lakini njia hii nayo humpendelea mwenye mwili mdogo. Kani ya msuli hufuata eneo la mkato wake, na tungamo ya mwili hufuata ujazo, na Galileo alikwisha onyesha mwaka 1638 kwamba umbo likikua, ujazo huongezeka upesi kuliko eneo. Mwaka 1956 Lietzke alionyesha katika jarida la Science kwamba rekodi za wanyanyua vyuma wa dunia zilifuata tungamo ya mwili iliyopandishwa kwa kipeo cha karibu theluthi mbili.

Mwalimu wa hisabati hapa ana mfano ulio hai. Chukua tungamo ya mwili, itafutie kipeuo cha tatu, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Kwa kilo 50 tunapata 13.57, na kwa kilo 75 tunapata 17.78. Sasa gawanya chuma kwa namba hizo. Wa kwanza anapata 4.42 na wa pili 4.22. Kumbe wanakaribiana sana, na majivuno yote yaliyokuwa chini ya mwembe yamebaki kuwa tofauti ndogo ya desimali.

Hata hivyo, kulinganisha mtu na mtu si jambo lililo kubwa. Jambo kubwa ni kumlinganisha mtu na jana yake. Hapa nalazimika kusema yaliyonipata mwenyewe. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamifu, katika ukumbi wa mazoezi nilioenda palibandikwa ukutani jedwali la viwango: mwanzo, kati, juu. Lilitungwa kwa watu wengine, wenye miili na maisha mengine, nami niliona fedheha kukuta jina langu halistahili hata safu ya kati. Nikaazimia kuruka safu moja ndani ya wiki tatu. Wiki ya pili mgongo wangu ulikataa, na kwa wiki sita niliandika tasnifu yangu nikiwa nimesimama mbele ya kabati. Kosa halikuwa la jedwali. Kosa lilikuwa langu, nami nilikuwa mwanasayansi niliyepaswa kujua zaidi. Nililitumia jedwali kama amri badala ya kulitumia kama habari.

Fizikia ya ajali ile ni ya kidato cha pili. Mgongo ulioinama ni wenzo. Mzigo ukiwa sentimeta 40 mbele ya kiuno, na misuli ya mgongo ikivuta ikiwa sentimeta 5 tu nyuma ya egemeo, kani ya misuli hiyo lazima iwe mara nane ya uzito wa mzigo. Kilo 50 hugeuka kuwa uzito wa kilo 400, bila hata kuhesabu kiwiliwili chenyewe. Ndiyo maana mzigo hukumbatiwa karibu na mwili, magoti hukunjwa, na mgongo hunyooshwa.

Je, mtu ajuaje kiwango chake bila kujaribu uzito wa mwisho anaoweza, jambo ambalo ndilo la hatari? Mwaka 1985 Mmarekani Boyd Epley alitoa kanuni nyepesi: zidisha uzito wa chuma kwa moja jumlisha idadi ya marudio iliyogawanywa kwa 30. Kijana wa Kagongwa akinyanyua kilo 53 mara 8, makadirio yake ni kilo 67. Baada ya miezi miwili akinyanyua chuma kile kile mara 10, makadirio yanakuwa karibu kilo 71. Ameendelea kwa zaidi ya asilimia 5, wala hakuongeza hata kokoto moja kwenye ndoo. Kanuni hii ni makadirio tu, na marudio yakizidi 10 hupungua kuaminika, lakini mtu yule yule akiitumia kwa namna ile ile humwonyesha njia anayokwenda.

Maendeleo nayo yana tabia yake. Wiki za mwanzo nguvu hupanda haraka, wala si kwa sababu misuli imekua. Mwaka 1979 Moritani na deVries walionyesha kwamba mwanzoni ongezeko hutokana zaidi na neva kujifunza kuiamrisha misuli iliyopo, na kukua kwa misuli hufuata baadaye. Kijana asiyejua hili hudhani atapanda vile vile daima. Na ahesabu: kilo 2.5 kila wiki ni kilo 130 kwa mwaka, na kilo 650 kwa miaka mitano. Lasha Talakhadze wa Georgia, alipoweka rekodi ya dunia ya kusukuma chuma juu ya kichwa mwaka 2021, alinyanyua kilo 267. Basi kupungua kwa kasi si uvivu wala si kurogwa. Ni kawaida ya maumbile.

Ushauri uliotolewa mwaka 2009 na Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo ni kuongeza asilimia 2 hadi 10 pale mtu anapoweza kuzidisha idadi aliyojiwekea kwa marudio moja au mawili. Kwa kilo 53, kopo la nusu lita la zege likifungwa imara kila upande huongeza kilo 2.4, yaani asilimia 4.5. Hakuna duka linalohitajika. Kinachohitajika ni siku ya kupumzika kati ya mazoezi, chakula chenye maharage, dagaa au maziwa pamoja na ugali, na daftari.

Najua nitapingwa. Wengine watasema kwamba kijana ashindaye akibeba magunia ya mpunga, au viroba vya mawe kwenye machimbo ya dhahabu, hahitaji mazoezi mengine. Nawajibu kwamba kazi hiyo haiongezeki kwa kipimo, haipumziki kwa kipimo, wala haimuulizi abebaye kama jana ameumia. Huchosha mwili bila kuujali. Wengine watasema kuwa mambo haya si ya wasichana. La hasha! Misuli ya msichana hufuata kanuni zizo hizo, naye ndiye mara nyingi abebaye ndoo ya lita 20 kutoka kisimani. Yeye hasa anastahili kujua kilo 20 ni sehemu gani ya mwili wake. Na wako watakaohofia kwamba vyuma hudumaza vijana. Kinachoumiza ni uzito usiojulikana, mkao mbaya na mashindano ya kiburi, na dawa ya hayo ni mwalimu aliye karibu.

Mwalimu mwenzangu, pendekezo langu ni dogo. Azima mizani. Mpe kila mwanafunzi apendaye daftari lenye safu tano: tarehe, uzito wa mwili, uzito wa chuma, marudio na makadirio. Mwisho wa muhula mchore grafu pamoja. Hapo mtakuwa mmefundisha vizio, wenzo, vipeuo na uaminifu wa takwimu, bila kununua kifaa chochote.

Nilipokuwa naondoka Kagongwa, yule kijana ambaye hakucheka alikuwa ameokota kipande cha chaki. Aliandika "53" ubavuni mwa ndoo, akakaa kwenye benchi, akaanza kuhesabu marudio kwa sauti. Siku ile chuma chake kilipungua kilo 47, na nadhani ndiyo siku aliyoanza kuongezeka nguvu. Ikiwa kesho atalitazama gunia la lumbesa na kumwuliza tajiri, "Hili lina kilo ngapi?", somo litakuwa limevuka ukuta wa shule.