NAKALA ZA HOSPITALI SI BIDHAA YA SOKONI



Mtu akiumia kazini, jambo la kwanza ni matibabu na la pili ni karatasi. Bila karatasi za hospitali zinazoonyesha siku aliyofika, jeraha alilokuwa nalo na matibabu aliyopewa, madai yake ya fidia huwa dhaifu mbele ya tajiri na mbele ya Serikali. Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka 2007, inampa miezi 12 tangu siku ya ajali alete madai yake. Miezi hiyo hupita upesi kwa mtu anayetembelea gongo.

Tazameni hali ya huku kwetu. Mtu wa Bungoma afanyaye kazi katika shamba la mahindi upande wa Kitale, akivunjika mkono huko, hutibiwa Kitale, kisha hurudi nyumbani auguzwe na watu wake. Karatasi zake hubaki kule. Akizifuata, yampasa kulipa nauli ya kwenda na kurudi, na mshahara umekwisha simama. Akifika dirishani akakuta karani anayetaja bei isiyobandikwa ukutani na isiyo na risiti, huyo atarudi mikono mitupu. Hivyo ndivyo fidia ya mkono mzima inavyoweza kupotea kwa ajili ya karatasi chache.

Twataka kila mwanachama ajue kwamba sheria haikuliacha jambo hili hivi hivi. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na pia zilizo mikononi mwa mtu mwingine kama zahitajiwa kwa kulinda haki yake. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yasema kwamba kupeleka ombi hakuna ada, na kwamba ada ya nakala haiwezi kuzidi gharama halisi ya kuzitoa na kuzifikisha kwa mwombaji. Jibu litolewe mapema iwezekanavyo, wala lisipite siku 21. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa kanuni zake za 2021, yasema mtu akiomba kuziona habari zake mwenyewe atimiziwe ndani ya siku 7, bila malipo. Kwa ufupi: kuona ni bure, na nakala ni kwa bei ya karatasi.

Wako watakaosema kwamba hospitali za kaunti hazina fedha, na karani hutumia saa nzima kutafuta faili la zamani. Twakubali kwamba kazi ipo. Lakini kutunza mafaili ni kazi ya hospitali yenyewe, wala mgonjwa hapaswi kulipishwa faini kwa sababu limefichika. Tena tusichanganye mambo mawili. Daktari akiombwa kuandika ripoti mpya kwa ajili ya korti, hiyo ni kazi mpya, na malipo yake ni shauri jingine. Sisi twazungumza juu ya yale yaliyokwisha andikwa.

Wala jambo hili si ndoto ya Kenya peke yake. Huko Uingereza, hospitali ziliruhusiwa zamani kutoza hata pauni 50 kwa nakala za faili la mgonjwa. Tangu Mei 2018 nakala ya kwanza hutolewa bure kwa kawaida, na hospitali zao hazikufungwa kwa sababu hiyo.

Basi tufanyeje? Ombi liandikwe. Sheria ya 2016 yakubali Kiswahili sawasawa na Kiingereza, na asiyejua kuandika ana haki ya kusaidiwa na ofisa wa hapo hapo. Mwenye kuomba atunze nakala ya ombi lake yenye tarehe. Akitajiwa bei, aulize imeandikwa wapi, na akilipa adai risiti. Akikataliwa, apeleke malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala au kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, wala asingoje mpaka miezi 12 imekwisha.

Na wale wajumbe wa matawi watakaomwendea mgonjwa wachukue idhini yake iliyoandikwa na kutiwa sahihi. Sheria ya Afya ya 2017 yalinda siri za mgonjwa, na ulinzi huo ni wetu pia, maana hatutaki tajiri apewe faili la mfanyakazi bila mwenyewe kukubali.

Kwa matawi ya Kitale na Bungoma twatoa shauri moja: yashirikiane. Mjumbe wa Kitale akipokea idhini kutoka Bungoma, aende dirishani kwa niaba ya ndugu yake, ili aliyevunjika asipande matatu mara tatu. Na wasimamizi wa hospitali zote, za kaunti na za watu binafsi, twawaomba wabandike bei ya nakala ukutani, mahali pa kusomeka. Bei iliyo halali haina haja ya kufichwa.