Kusokota Nyuzi Nyumbani

Wako watu wasemao ya kuwa kazi za mikono, kama kusokota nyuzi na kusuka vikapu, zilifaa watu wa kale tu, waliokuwa na nafasi nyingi na haja chache. Husema, "Mama wa siku hizi ana watoto wa kulea, shamba la kulima, maji ya kuteka, na pengine kazi ya mshahara pia. Atapata wapi saa ya kukaa na uzi?" Neno hili lina sura ya busara, lakini si kweli. Mtu akiangalia vizuri jinsi kazi hii inavyofanywa, ataona ya kuwa ilizaliwa katika nyumba zenye shughuli nyingi, wala haikungoja nafasi.

Na aangaliwe kwanza mwanamke wa Ukambani, katika nchi ya Kenya, afanyaye kiondo. Majani ya mkonge hukwanguliwa mpaka nyama yake ya kijani itoke, zikabaki nyuzi nyeupe, nazo huoshwa na kuanikwa juani. Kisha mwanamke hushika mafungu mawili membamba ya nyuzi, akayaviringisha juu ya paja lake kwa kiganja cha mkono, na yale mawili yakajisokota pamoja yakawa kamba moja nyembamba iliyo imara. Kwa kamba hizo husuka kiondo, akianza na kitako, duara baada ya duara, mpaka mdomoni.

Kazi hii yote haitaki meza, wala kiti, wala chumba. Wanawake wa Ukambani na wa Ukikuyu wamejulikana tangu zamani kwa kusuka viondo huku wakienda njiani, mzigo ukiwa mgongoni na mikono ikiwa huru. Husuka wakizungumza na jirani, na wakiketi sokoni kuwangoja wanunuzi. Huko pwani nako, wanawake husuka ukili wa ukindu wakiwa katika mazungumzo yao ya alasiri, na ukili ukitosha hushonwa ukawa mkeka. Basi hao wote hawakupewa saa za ziada katika siku yao. Waliokota dakika ambazo wengine huziacha zianguke.

Tena kazi ya uzi ina tabia moja njema ambayo kazi nyingine za nyumbani hazina. Chungu kilicho motoni hakiwezi kuachwa, maana chakula kitaungua. Lakini mtoto aliapo, kamba huwekwa chini mara moja, na mtoto akiisha kunyamaza, hushikwa tena pale pale ilipoachwa, wala haikuharibika. Kazi inayokubali kukatizwa ndiyo imfaayo mtu mwenye watoto.

Iko na sababu nyingine kubwa zaidi. Chakula kilichopikwa asubuhi huliwa mchana. Nguo iliyofuliwa leo huchafuka kesho. Ua uliofagiliwa hujaa majani tena kabla ya jua kuchwa. Mama hufanya kazi mchana kutwa, na jioni akitazama nyuma haoni alama ya kazi yake, kwa kuwa yote imeliwa, imevaliwa, au imekanyagwa. Lakini duara moja la kiondo lililosukwa leo litakuwapo kesho, na mwaka ujao pia. Ndiyo maana mwanamke aliyechoka huweza kushika uzi akapata furaha. Si kwamba hapendi kupumzika, bali apenda kuona kitu kimoja katika siku yake ambacho hakitafutwa na kesho.

Wengine watajibu wakisema, "Hayo ni mema, lakini mashine husokota uzi mwingi kwa saa moja kuliko mtu kwa mwaka." Hilo ni kweli, wala halifai kukanwa. Hapo kale watu wa Kilwa walisokota pamba kwa pia, yaani kijiti chenye kipande cha duara chini yake cha kukipa uzito. Katika magofu ya mji ule wachimbaji wameona vipande vingi vya namna hiyo, vilivyochongwa katika vigae vya vyungu. Naye Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika ya kuwa nguo zilizofumwa huko zilipelekwa mpaka Misri. Lakini huko Uingereza, yapata mwaka 1764, James Hargreaves alibuni chombo cha kusokota nyuzi nyingi kwa mara moja, na baada yake zikaja mashine kubwa zaidi. Katika karne ya 19 nguo za viwanda vya Marekani zilijaa Unguja na bara, hata jina la nchi ile likawa jina la kitambaa, yaani merikani. Pia za Afrika Mashariki zikanyamaza mahali pengi.

Lakini hasara hiyo ina upande wake wa pili. Zamani mama aliyekataa kusokota aliwaacha watoto wake uchi. Uzi ulikuwa sharti, na sharti ni mzigo. Leo mashine imemwondolea mzigo ule, naye akisokota, asokota kwa kupenda. Haifai basi kusema ya kuwa kila nyumba irudie pia ili kuwavika watu wake. Wala haifai kusema ya kuwa kitu kisichohitajika tena kwa lazima hakina faida. Watu wana magari, na hata hivyo hutembea kwa miguu wakafurahi.

Wala mtu asidhani ya kuwa kazi hii ni ya wanawake peke yao. Mahatma Gandhi wa India, aliyefariki mwaka 1948, alibeba mambo makubwa ya taifa lake. Hata hivyo alikuwa na desturi ya kusokota pamba kila siku kwa gurudumu la mkono, akawasihi wanaume kwa wanawake kufanya vivyo hivyo. Na kitabu cha Mithali, katika sura ya 31, kinamsifu mwanamke aliye na nyumba kubwa, anunuaye shamba na kufanya biashara, ambaye pamoja na hayo yote hakuacha kusokota. Hao wawili hawakuona ya kuwa shughuli nyingi ni sababu ya kuuacha uzi.

Hata hivyo ziko hatari mbili ambazo watu wenye akili hawana budi kuziangalia. Ya kwanza ni kumtwika binti kazi hii peke yake, akasuka yeye na kaka yake akasoma. Hilo ni kosa. Mikono ya mvulana nayo yaweza kukwangua mkonge na kusokota kamba, na macho ya msichana nayo yahitaji kitabu. Hatari ya pili ni tamaa ya fedha. Kuuza kiondo ni vizuri, na watoto wengi wamelipiwa karo kwa viondo. Lakini mchuuzi akitoa bei ndogo, na mama akalazimika kusuka usiku kucha kwa taa hafifu ili apate kitu, basi mzigo wa zamani umerudi kwa mlango mwingine. Bei ya haki ni sehemu ya kuuheshimu uzi.

Tena wazee wasiwakataze vijana kubadili desturi. Mkonge wenyewe si mmea wa asili wa Afrika. Uliletwa katika nchi iitwayo sasa Tanzania mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Kabla ya mkonge kuenea, nyuzi za viondo zilitolewa katika maganda ya mbuyu na ya mimea mingine ya porini. Wanawake wa Ukambani waliuona mmea mgeni, wakaujaribu, wakaufanya wao. Kijana atakayetia rangi mpya katika kazi ya bibi yake hamtukani bibi. Afanya kama alivyofanya bibi.

Basi, mwanafunzi atokaye shuleni jioni aweza kufanya jambo jema kwa urahisi. Na aketi karibu na mama yake, amsomee somo lake kwa sauti wakati mama anaposokota. Mama atapata habari za kitabu, na mwanafunzi atajifunza jinsi kamba inavyozaliwa. Kisha wabadilishane: mwanafunzi ashike nyuzi, na mama ashike kitabu. Nyumba hiyo haikuongeza saa hata moja katika siku yake, lakini imepata kazi, elimu na mazungumzo kwa pamoja.

Unyuzi mmoja wa pamba ni mfupi sana. Wa kawaida haupiti sana sentimita 3, nao hukatika ukivutwa kidogo tu. Lakini nyuzi nyingi kama huo zikisokotwa pamoja hushikana zenyewe, zikawa uzi mrefu wa kushonea nguo. Ndivyo zilivyo dakika za mtu mwenye shughuli. Kila moja ni fupi, wala haitoshi kitu. Azitupaye husema hana nafasi. Azisokotaye pamoja huwa na kiondo mwisho wa msimu. Haba na haba hujaza kibaba.