Alama 6 kati ya 20

Wapo walimu wenzangu wanaojisifu kwamba wakisahihisha insha za Kiingereza hawana huruma. Kila kosa, nusu alama chini. Daftari humrudia mwanafunzi likiwa limejaa wino mwekundu, naye mwalimu hujiona ametenda haki kwa kuwa amehesabu. Mimi nilikuwa mmoja wao kwa miaka mingi, kwa hiyo nikiwasema najisema.

Nilikuwa nafundisha kidato cha pili, darasa la wanafunzi zaidi ya 60. Nikatoa insha: mtu ninayemheshimu. Msichana mmoja akaandika juu ya mama yake, mpika vitumbua. Alieleza jinsi mama alivyoamka saa tisa usiku na kuziba mlango kwa khanga ili moshi usiwaamshe watoto, na jinsi siku moja alivyovigawa vitumbua vyote bure kwenye msiba wa jirani aliyefariki akiwa bado na deni lake. Nimesoma insha nyingi, hiyo sijaisahau. Ila kila alipomtaja mama kwa kiwakilishi, alitumia kile cha mwanamume. Mara 11. Nikakata nusu alama mara 11, nikakata na za nukta na nyakati za vitenzi, akabaki na 6 kati ya 20.

Mwenzake wa dawati moja alimsifu mjomba wake daktari, aota moto sebuleni huku theluji ikianguka nje. Theluji, Morogoro! Aliikariri yote kutoka kitabu cha zamani, wala hakukosea hata mkato. Nilimpa 15.

Sasa tuulizane. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika "yeye", wala katika "anapika" au "amelala". Msichana yule alikuwa na kosa moja tu, la kutojua kwamba Kiingereza hutofautisha. Mimi nilimtoza faini mara 11. Mtu akiiba kuku mmoja, hashitakiwi kwa kila unyoya.

Wenzangu hujibu kwamba kuhesabu makosa hakuna upendeleo. Hasha! Mwaka 1912 huko Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott waliwapelekea walimu wa Kiingereza nakala za karatasi mbili zile zile za mtihani. Walimu 142 wakazisahihisha. Karatasi ya kwanza ilipata kuanzia 64 hadi 98 kwa 100, na ya pili kuanzia 50 hadi 97. Karatasi moja, mwanafunzi yule yule, huku amefeli na kule amefaulu sana. Na hao walikuwa wakisahihisha lugha ya nchi yao. Sisi tunaosahihisha usiku, tumechoka, daftari la 60 hatulisomi kwa macho tuliyolisomea la kwanza. Tena jina liko juu ya jalada, na tunajua nani ni kiranja na nani ni mtoro.

Hapa petu kuna jambo zaidi. Shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, kisha sekondari mtoto anakutana na Kiingereza katika masomo mengi. Aliyesoma msingi kwa Kiingereza anakaa naye dawati moja. Ukihesabu makosa tu, unapima karo iliyolipwa miaka ile, unaiita insha.

Nitaambiwa nataka kushusha kiwango. Sitaki. Kosa la kiwakilishi lionyeshwe, likatwe mara moja, na kesho yake lifundishwe ubaoni kwa darasa zima. Lakini anachokisema mtoto kiwe na alama zake, ambazo nukta na mkato haziwezi kuzigusa. Na aliyekariri asipewe alama za mawazo ambayo si yake. Kazi itaongezeka, najua. Mwenye darasa la 60 na zaidi ana haki ya kulalamika, ila alalamike kwa wakubwa, asimtoze mwanafunzi.

Siku niliporudisha madaftari, msichana yule alilitazama lake kwa muda mrefu, kisha akanifuata mlangoni.

"Samahani, Mwalimu," aliniuliza, "ningeandika juu ya baba, ningepata ngapi?"

Nilipiga hesabu kichwani. Kumi na moja na nusu. Nikamwambia aende, kengele imeshalia.