Ufaransa itoze moshi, si karatasi

Machi 2025 Ufaransa ilipandisha kikomo cha tozo ya hewa ukaa kwa magari mapya hadi euro 70,000. Mwaka huo gari lililotoa zaidi ya gramu 192 kwa kilomita lilitozwa kiasi hicho. Lililokuwa chini ya gramu 113 halikutozwa. Makali hayo yaliwalenga wanunuzi wa magari ya kifahari, nao wamepata mlango wa uani.

BMW M5 iliyozinduliwa 2024 ni haibridi ya kuchaji: ina injini ya silinda nane ikisaidiwa na mota ya umeme, nguvu za farasi 727, na uzito unaozidi tani 2.4. Cheti chake kilitaja chini ya gramu 40. Kwa hesabu za tozo hiyo, gari hilo ni safi kuliko gari la kawaida la familia linalotoa gramu 130. Hata tozo nyingine ya Ufaransa, ile ya uzito wa gari, hulipunguzia kilo 200.

Cheti hutoka maabara, ambako dereva huchukuliwa kuwa mtu anayechaji bila kukosa. Machi 2024 Kamisheni ya Ulaya ilieleza kwamba haibridi za kuchaji, zikiwa barabarani, hutoa kwa wastani mara tatu na nusu ya kilichoandikwa. Kanuni ya vipimo imekazwa kuanzia 2025. Bado namba za cheti ni makadirio.

Paris haiwezi kudai haikuonywa. Mwaka 2013 Uholanzi iliwasamehe kodi watumiaji wa magari ya kampuni yenye cheti cha gramu zisizozidi 50, na haibridi za Mitsubishi Outlander zikajaa barabarani. Nafuu ilipoondolewa, mauzo ya magari ya aina hiyo yakaporomoka. Wanunuzi walikuwa wamefuata msamaha.

Dawa imo ndani ya gari lenyewe. Tangu 2021 sheria ya Umoja wa Ulaya hulazimisha magari mapya kurekodi mafuta yanayotumika. Wizara ya fedha ya Ufaransa isome rekodi hiyo gari linapofikishwa kwenye ukaguzi wake wa kwanza, mwaka wa nne, na mwenye gari alipe tozo ya tofauti kati ya cheti na rekodi. Punguzo la kilo 200 lifutwe mara moja. Anayechaji kweli hatadaiwa senti ya tofauti hiyo.

Watengenezaji watapinga, hiyo ni biashara yao. Mbunge atakayewaunga mkono awaeleze wapiga kura wake kwa nini gari la familia lilipe na la silinda nane lisamehewe.