Usituletee Picha za Bangalore

Mwezi uliopita nilipata kibarua. Mfanyabiashara mmoja wa hapa Malindi, mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, alikuwa ametoka India kwa safari ya siku tano. Alitaka nimwandikie makala ya gazeti, itoke kwa jina lake. Ndiyo kazi yangu siku hizi: mimi naandika, wengine wanatia sahihi. Nikamfuata ofisini, akatoa simu, akaanza kupitisha picha kwa kidole. Majengo ya vioo. Barabara zinazopita juu kwa juu. Vijana wenye vitambulisho shingoni wakinywa kahawa kwenye bustani ya kampuni.

"Unaona, kijana wangu? Miaka hamsini nyuma hawa walikuwa kama sisi tu. Tatizo letu ni fikra."

Nikasema, "Sawa, mzee." Tokeni za stima zilikuwa zimeisha nyumbani, na mtu wa aina hiyo habishani na mwenye pesa. Nikarudi Kisumu Ndogo, nikafungua laptopu. Makala ya mzee ikakataa kuandikika. Ikatoka hii.

Tuanze na hiyo miaka hamsini. Bangalore, au Bengaluru kwa jina lake rasmi la sasa, haikuota kwa sababu watu waliamka siku moja na fikra mpya. Taasisi ya Sayansi ya India ilianzishwa pale 1909. Kiwanda cha ndege kilianza 1940. Infosys, ambayo mzee alijipiga picha langoni kwake, ilizaliwa Pune 1981 kisha ikahamia Bangalore. Texas Instruments ya Marekani ilifungua ofisi yake huko 1985. Piga hesabu: kutoka 1909 hadi 1985 ni miaka 76. Miaka 76 ya kusomesha watu na kuwapa kazi za mikono na akili, ndipo Mmarekani akabisha hodi. Mzee amepiga picha ya matunda, mizizi hakuiona, maana mizizi haipendezi kwenye simu.

Halafu kuna hili la "kama sisi tu". Hapa ndipo damu yangu inapochemka, kwa sababu kuna wakati sisi tulikuwa mbele.

Nenda Ngomeni, kaskazini mwa mji huu. Waitaliano waliweka majukwaa baharini pale, wakaanza kurusha setilaiti mwaka 1967. Walikuja kwa sababu tuko karibu na ikweta, na mzunguko wa dunia huisaidia roketi kupanda. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa hapo setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota. Kwa kuwa Kenya ilikuwa ikisherehekea siku yake, wakaiita Uhuru. Ndiyo, Uhuru, kwa Kiswahili hichihichi.

Siku hiyo India haikuwa na setilaiti hata moja. Shirika lao la anga, ISRO, lilikuwa na umri wa mwaka mmoja na ushei. Setilaiti yao ya kwanza, Aryabhata, iliundwa Bangalore kwenye mabanda ya eneo la viwanda la Peenya, ikarushwa 1975 na roketi ya Wasovieti. Mabanda, jamani. Si vioo.

Basi tofauti ni nini? Wao walikuwa na banda, lakini walioshika bisibisi ndani yake walikuwa wao. Sisi tulikuwa na jukwaa la roketi, lakini roketi ya mwingine, setilaiti ya mwingine, na sisi tukatoa bahari, ikweta na jina. Urushaji wa mwisho Ngomeni ulikuwa 1988. Na Kenya ilipopata Taifa-1, Aprili 2023, ilirushiwa wapi? California.

Hilo si tatizo la fikra. Ni tatizo la nani alifundishwa na nani aliachwa ufuoni akitazama moshi.

Lakini viongozi wetu wana ugonjwa wa mzee huyu. Wanaona jengo, wanataka jengo. Januari 2013 Rais Kibaki alizindua ujenzi wa Konza, ekari 5,000 kando ya barabara ya Mombasa, mji wa teknolojia kutoka kwenye nyasi tupu. Sisemi Konza ibomolewe. Nasema mji hauanzi na lango. Unaanza na mtoto wa darasa la sita, mwalimu anayejua anachofundisha, na karo isiyomfukuza mtu njiani.

Mimi niliacha kompyuta mwaka wa pili, chuo kimoja cha bara. Sikufeli mtihani. Nilifeli karo. Mtaani kwetu kuna jamaa anayefungua simu iliyokufa, akaunganisha waya mwembamba kuliko unywele, chini ya paa la mabati, taa ya tochi mdomoni. Mwambie huyo tatizo lake ni fikra.

Na tusiiabudu Bangalore yenyewe. Mapema 2024 visima vilikauka, watu wenye kazi nzuri wakapanga foleni kungoja malori ya maji. Mji unakunywa mto Cauvery, unaosukumwa kutoka karibu kilomita 100. Sisi tunaobeba mitungi ya njano tunajua mji uliokua haraka kuliko mabomba yake unafananaje. Hilo nalo halikuwemo kwenye picha.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kupanda ndege: nenda, lakini rudi na majibu. Nani alilipia masomo ya wale vijana wenye vitambulisho? Walimu wao walitoka wapi? Serikali iliwaagiza kutengeneza nini kabla wageni hawajaja?

Mwaka 1498 Vasco da Gama alipata hapa Malindi rubani wa kumvusha hadi India. Nguzo ya Mreno bado imesimama, watalii wanapiga picha. Rubani hana nguzo. Tumekuwa mji wa kuwaonyesha wengine njia, kisha tunabaki ufuoni.

Nilimtumia mzee makala hii. Akajibu baada ya siku mbili: "Kijana, hii siyo niliyokuagiza." Kweli, siyo. Nusu ya pesa yake nimemrudishia kwa simu. Nusu nyingine ilishaingia kwenye stima iliyoandika haya.