Tusikate amande mwenye anakohoa siku ya salongo

Mu kooperative nyingi zenye tunatembelea, sheria iko moja: memba mwenye anakosa salongo, ao mwenye hafiki siku ya kupima kahawa, analipa amande. Ni sheria nzuri, bila hiyo kazi ingebakia watu watano. Lakini kuna jambo moja lenye sisi maagronome tunaomba komite ziangalie upya. Mutu anatuma neno kwamba anakohoa na ako na homa. Komite inajibu: “Corona ulishaugua, ilikwisha, kuja kazini.” Anakuja, anakaa mu depo masaa matatu pamoja na wababa na wamama wazee.

Jibu lile liko na nusu ya kweli. Mutu akiambukizwa, mwili unajifunza. Kisha juma moja mpaka tatu, damu yake inaonyesha kingamwili, zile zenye waganga wanaita antikori, zenye kushika kirusi mbele kiingie mu mwili zaidi. Zinapanda, kisha miezi michache zinashuka. Wengine wanasema: basi kinga imekwisha, kuugua kulikuwa bure. Hapana. Muangalie mahindi yenu. Kisha mavuno depo inajaa, na hakuna mutu anabakisha yote: tunauza, tunakula. Lakini masuke mazuri yanabakia juu ya moshi wa jikoni, ni mbegu. Mwili nao unafanya vile. Kingamwili za damu hazikawii, ndani ya juma tatu hivi nusu inakwisha. Chenye kinabakia ni selule za kumbukumbu, na zingine zenye kukaa mu mafuta ya ndani ya mifupa, zinaendelea kutengeneza kidogokidogo kwa wakati murefu.

Sasa, mbegu haikuwe chakula siku ileile. Kirusi kikirudi, selule zile zinaomba siku chache mbele ya kujaza damu tena, na siku zile chache zinatosha kirusi kuzaana mu pua. Ndiyo maana mutu mwenye aliugua mwaka jana anaweza kuugua tena, kwa kawaida kidogo tu: mafua, kichwa, anarudi shambani. Kinga ya kutofika ku hospitali inakawia kuliko kinga ya kutoambukizwa. Yeye amepona, lakini mwenye alikaa naye mu depo?

Wazee wetu wanafikiri na surua, na kwa surua wako na haki: ukiugua mara moja, karibu kila mara ni kwa maisha yote. Corona haiko vile. Kuna virusi vingine 4 vya jamaa yake vyenye kuleta mafua ya kawaida, na kisha mwaka hivi kimoja kinaweza kukukamata tena. Tena corona inabadilika: Omicron, yenye ilijulikana mwisho wa 2021, ilikamata watu wengi wenye walishaugua.

Na kinga haigawanyiki sawasawa. Kule Denmark waliangalia watu wenye walipimwa mu 2020. Kuugua mara ya kwanza kulikinga watu kwa kadiri ya 80 ku 100 wasiambukizwe tena. Kwa wenye kupita miaka 65, ilikuwa 47 tu. Ni wale wenye tunaketisha karibu na mizani kwa heshima.

Kwa kuku munajua hesabu hii tayari. Chanjo ya Newcastle yenye tunatia mu jicho inarudiwa kila miezi 3 ao 4. Hakuna mwenye anasema kuku wangu alichanjwa Januari, imetosha. (Wako wenye wanasema. Tunawajua kwa mabanda yao matupu.)

Watatuambia wavivu watajificha nyuma ya kikohozi. Watajificha, lakini muvivu tayari anazika shangazi kila msimu. Tunapendekeza hivi: mwenye homa na kikohozi abakie nyumbani mpaka homa iishe, asilipe amande, lakini ile siku ya salongo ailipe kwa kazi juma lenye kufuata. Kahawa yake ipelekwe na jirani pamoja na karte yake. Mizani itoke inje, chini ya muti, na wazee wapimiwe wa kwanza asubui, mbele watu wajae. Mukutano wa komite wenye kuja unaweza kuandika hayo mu reglema kwa mistari miwili.